Kushusha na kupandisha injini Mwanza: ulipe kwa mapatano, kwa kutwa au kwa saa?

Peleka gari moja kwenye gereji tatu za Mwanza, uliza swali lile lile: "Ufundi tu, bila spea, kushusha injini na kuipandisha, shilingi ngapi?" Utarudi na majibu matatu ambayo hayakaribiani. Fundi wa Mabatini atakutajia bei ya mkupuo hapo hapo, mkono bado una grisi. Yule anayefanyia kazi uani kwake Buhongwa atataka mpatane kwa siku. Gereji yenye geti, mapokezi na mashine ya risiti itakuambia ulete gari likaguliwe kwanza, halafu upewe makadirio kwenye karatasi.

Watu wengi hushika namba ndogo na kuondoka nayo. Lakini namba hizo tatu hazihusu kazi moja. Ya kwanza inaweza kuwa ni kufungua na kufunga bolti basi. Ya tatu inaweza kuwa imeingiza mpaka gari kuwaka, kutolewa hewa kwenye maji na kujaribiwa barabarani. Kabla ya kulinganisha bei lazima ujue kila fundi anaanzia wapi na anaishia wapi, na kwa uzoefu wa watu wanaomiliki magari hapa mjini, ugomvi mwingi wa gereji hauanzi kwenye bei. Unaanza pale mteja anapoambiwa, "Bosi, hiyo haikuwemo."

Kilichomo ndani ya kazi

Kushusha injini si kufungua bolti nne na kuvuta. Betri inatolewa, maji na oili vinamwagwa, rejeta na feni vinatoka, hosi paipu zinachomolewa, waya unaachanishwa soketi moja moja, mabomba ya mafuta, eksozi, pampu ya stelingi, kompresa ya AC. Kwa gari linalovuta kwa mbele kama Toyota IST, injini na giaboksi vimelazwa kwa upana na kwa kawaida vinatoka pamoja, hivyo shafti za magurudumu nazo zichomolewe na oili ya giaboksi imwagwe. Kwa gari linalosukuma kwa nyuma, kuna uamuzi: vitoke pamoja na giaboksi, au giaboksi iachanishwe na kubaki imeshikiliwa na jeki.

Hayo ni ya kushusha. Kupandisha ndiko kunakotofautisha fundi na mtu mwenye spana. Chukua gari la otomatiki. Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, chuma cha duara kilichojaa oili, ambacho kinatakiwa kiingie kwenye giaboksi mpaka mwisho kabla injini haijakutanishwa nayo. Kisipokaa sawasawa, fundi akianza kukaza bolti anaibana pampu ya giaboksi na kuiharibu. Gari litawaka vizuri tu, ila halitakwenda popote. Dalili ya kukaa sawasawa inaonekana kwa macho: giaboksi na injini vinatakiwa vikutane kwa kusukumwa na mkono, na konveta iwe bado inazunguka kwa urahisi kabla ya kufungwa bolti zake. Ukimwona fundi anazivuta mbili hizo zikutane kwa nguvu ya spana, msimamishe. Sijali kama amekutoza elfu themanini au laki tano.

AC nayo ni kipimo kizuri. Kwenye magari mengi kompresa inaweza kufunguliwa kwenye injini na kufungwa kamba pembeni, mabomba yake yakiwa hayajaguswa. Fundi mwenye haraka anafungua mabomba, gesi yote inatoka, na kujaza gesi upya ni bili ya mtu mwingine ambayo haikutajwa asubuhi. Muulize mapema: kompresa unaiweka pembeni au unaifungua mabomba? Jibu lake litakuambia mengi kuhusu kazi nzima.

Halafu kuna kutoa hewa kwenye maji. Kazi ya muda mfupi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Hewa ikibaki ndani, gari linachemsha, silinda hedi ya aluminiamu (kifuniko cha juu cha injini) inapinda, na injini uliyoilipia kupandishwa wiki iliyopita inafunguliwa tena.

Gari lako ni lipi?

Hapa ndipo bei inapotofautiana kwa haki, na mteja hana sababu ya kulalamika.

IST, Vitz au Probox yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 ni kazi iliyozoeleka. Injini ni ndogo, spea zipo mjini, na fundi yeyote aliyefanya kazi miaka michache amekutana nayo mara nyingi. Kwa gari la namna hii huna sababu ya kulipa bei ya uvumbuzi.

Noah ni magari mawili ndani ya jina moja. Ile ya zamani, TownAce au LiteAce Noah yenye 3S ya lita 2.0, injini yake iko chini ya viti vya mbele, na inasukuma kwa nyuma. Injini hiyo inatokea chini. Maana yake gari lazima linyanyuliwe juu vya kutosha na lisimame imara, na gereji isiyo na shimo wala lifti italazimika kupanga magogo na jeki. Usalama wa fundi anayelala chini ya gari hilo uingie kwenye hesabu yako. Bei iliyopunguzwa kwa kutumia tofali chini ya fremu haina unafuu wowote. Rejeta iko mbele, injini iko katikati, mabomba ya maji ni marefu, na hewa ina mahali pengi pa kujificha. Noah ya baada ya 2001 ni gari jingine kabisa: injini iko mbele, inavuta kwa mbele, na nyingi zina 1AZ ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Mabomba ya mafuta ya mfumo huo hayataki kulazimishwa. Kwa hiyo ukisikia "Noah ni bei fulani" bila fundi kuuliza ni Noah ipi, hajaanza hata kufikiria.

Hiace za zamani zinazobeba abiria ziko kwenye kundi la Noah ya kwanza, injini chini ya viti. Canter, zile zinazoshusha samaki na dagaa Mwaloni pale Kirumba, zina injini nzito ya dizeli lakini kabini inalala mbele, injini inabaki wazi, na cheni bloku, yaani mnyororo wa kunyanyulia mizigo, inaivuta juu. Uzito unatisha kuliko kazi. Land Cruiser yenye 1HZ, mitungi sita, lita 4.2, ni hivyo hivyo: kila kitu ni kikubwa, nafasi ya mkono ipo, na hakuna mambo mengi ya umeme ya kukuchanganya.

Kundi la mwisho nitalirudia baadaye kwa sababu ndilo linalowaponza watu: magari yaliyopandikizwa injini isiyo yake.

Mapatano, kutwa na saa

Mapatano ya mkupuo ndiyo mtindo wa mtaani. Mnakubaliana bei moja, unatoa kianzio, fundi anaanza. Uzuri wake ni kwamba hatari ya muda anaibeba yeye. Bolti ya eksozi ikikatika, akapoteza nusu siku kuitoboa, bei haibadiliki. Ubaya wake unatoka hapo hapo: kila saa anayookoa ni faida yake, kwa hiyo vitu visivyoonekana ndivyo vinavyokatwa. Bolti kumi na mbili zinarudi tisa. Maunti ya injini (mpira unaoishikilia kwenye fremu) iliyochanika inarudishwa kama ilivyokuwa. Soketi iliyovunjika kishikizo inafungwa kwa utepe. Hakuna wizi hapo kwa maana ya polisi, ila ndivyo bei ya mkupuo inavyomsukuma mtu mwenye kazi nyingine tatu zinazomsubiri chini ya mwembe.

Dawa ya mapatano ni maneno, na maneno hayo yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Bosi, hii kazi ya siku mbili tu, nipe laki mbili na nusu."

"Sawa fundi. Hiyo laki mbili na nusu inaisha gari likiwa wapi?"

"Injini imekaa juu, imefungwa."

"Na fundi umeme?"

"Huyo unamlipa mwenyewe."

"Na saidia fundi wako? Cheni bloku ni yako au ya kukodi?"

Maswali manne, na bei imeshajulikana upya. Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa hivyo. Anayekasirika amekuokolea pesa.

Kulipa kwa kutwa kunageuza hatari: sasa unaibeba wewe. Fundi hana haraka, na hilo ni zuri kwa kazi inayotaka utulivu, baya kwa kazi ya kawaida. Ukichagua kutwa, unatakiwa uwepo, au awepo mtu wako anayejua kutofautisha kazi na soga. Pia spea lazima ziwe zimeshanunuliwa kabla ya siku ya kwanza. Siku inayopotea fundi akisubiri gasketi itoke Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100, ni siku ambayo mtabishana nani ailipe.

Malipo ya saa, au makadirio yaliyojengwa juu ya saa, ni ya gereji rasmi. Huko ughaibuni watengenezaji hutoa kitabu chenye muda wa kawaida wa kila kazi kwa kila modeli, na gereji inazidisha muda huo kwa bei yake ya saa. Hata fundi akimaliza mapema, unalipa saa za kitabuni. Akichelewa, hulipi zaidi. Kwa mtindo huo saa inakuwa kama mapatano yenye adabu. Lakini si kila gereji inayotaja saa inafuata kitabu. Nyingine huhesabu saa zilizotumika kweli, na hiyo ni kutwa iliyovaa tai. Uliza: "Kazi ikizidi makadirio, ziada ni ya nani?" Kama jibu ni "tutakujulisha", weka kikomo kwa maandishi: wasivuke kiasi fulani bila wewe kukubali.

Gereji rasmi inakupa vitu viwili ambavyo mtaani ni nadra. Risiti ya EFD, ambayo kwa gari la kampuni au la biashara ina thamani yake kwenye hesabu za kodi, na mahali pa kurudi. Kama imesajiliwa kwenye VAT, juu ya bei kwa kawaida itaingia asilimia 18, kwa hiyo uliza kama bei uliyotajiwa ni kabla au baada ya kodi. Tofauti hiyo peke yake inatosha kugeuza uamuzi wako.

Tufanye hesabu

Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ili hesabu ionekane. Bei za kweli utazipata mwenyewe ukizunguka Nyakato, Mabatini na Mkuyuni. Gari ni IST ya otomatiki, injini inashushwa na kupandishwa, spea hazimo.

Fundi wa mapatano anataka 250,000. Hakuweka fundi umeme, 40,000, wala gesi ya AC aliyoimwaga, 60,000. Jumla 350,000.

Fundi wa kutwa anataka 40,000 kwa siku na msaidizi wake 15,000. Siku nne ni 220,000. Cheni bloku ya kukodi siku mbili, 10,000 kila siku, inaifikisha 240,000. AC haikuguswa, soketi alizirudisha mwenyewe. Ameshinda. Lakini gasketi ikichelewa, siku nne zikawa saba na mkakubaliana alipwe zote, ufundi ni 385,000, na cheni bloku juu yake, 405,000. Ameshindwa.

Gereji rasmi inahesabu saa 12 kwa 25,000, yaani 300,000, na VAT 54,000. Jumla 354,000, gari likiwa limewashwa, limetolewa hewa, limejaribiwa.

Kwa hiyo laki mbili na nusu na laki tatu na elfu hamsini na nne, ambazo mwanzoni zilionekana mbali, zimekuja kusimama mlango mmoja. Hapo mimi ningechagua gereji rasmi, kwa sababu ya dhamana. Ila ukiondoa ile gesi ya AC, yaani ukimpata fundi wa mtaani anayeiweka kompresa pembeni, mapatano yanarudi chini mpaka 290,000, na kwa IST hiyo tofauti ni pesa ya oili na fulta zake. Ndiyo maana nasema swali la kompresa lina thamani kuliko kubishana kushushiwa elfu ishirini.

Gari lililopandikizwa injini

Mwanza haikosi Land Rover 109 au 110 iliyotolewa injini yake ikawekewa ya dizeli ya Toyota, au pikapu ambayo injini yake ya asili ilikufa na mwenye gari akafunga iliyopatikana. Kwa mwenyewe ni gari lake la kila siku. Kwa fundi wa pili ni fumbo. Maunti zimechomelewa kwa vipimo vya fundi wa kwanza. Kati ya injini na giaboksi kuna sahani ya chuma iliyochongwa ili viwili visivyozaliwa pamoja vikutane. Waya zimeungwa kwa rangi zilizokuwepo siku ile. Hosi paipu imetoka kwenye gari la tatu. Hakuna kitabu chenye saa za gari hilo, kwa sababu gari hilo liko moja tu duniani.

Waingereza wana tatizo hili hili kwa sura nyingine. Kuna magari ya kuunganisha nyumbani: mtu ananunua fremu, bodi na vifaa kwa mtengenezaji, na anaunga mwenyewe, mara nyingi kwa injini iliyotoka kwenye gari jingine. Linalojulikana sana ni Caterham Seven, lililotokana na Lotus Seven ya 1957. Kwa macho kazi yake ni nyepesi: gari dogo, jepesi, boneti yote inatoka, na injini inavutwa juu pamoja na giaboksi. Lakini gereji iliyozoea saa za kitabuni ikiletewa gari la namna hiyo, haina ukurasa wa kufungua. Ama inakataa kazi, ama inasema itatoza saa zitakazotumika, ziwe ngapi ziwe. Ndiyo maana wamiliki wengi wa magari hayo hufanya sehemu kubwa wenyewe: wanavua boneti, rejeta, waya na mabomba nyumbani, wanapiga picha, wanabandika alama, na gereji inalipwa kwa kile kinachohitaji kunyanyua tu.

Mtindo huo unafaa kabisa kwa Land Rover ya Igoma. Kama una spana na Jumamosi mbili, vua mwenyewe vile visivyo na hatari: grili, rejeta, betri, boksi la hewa, mabomba ya maji. Kila waya unaochomoa, upige picha kabla, uufunge utepe wenye namba, na namba hiyo uiandike daftarini. Fundi akija, unamlipa kutwa kwa kazi ya kuachanisha, kunyanyua na kurudisha. Mlipe kutwa, wala usimtake bei ya mkupuo. Fundi mwenye akili akitajiwa Land Rover yenye injini ya kupandikizwa atataja mkupuo mkubwa wa kujikinga, na asiye na akili atataja mdogo kisha aitelekeze katikati, injini ikining'inia, simu haipokelewi. Kutwa yenye kikomo inawatendea haki wote wawili: "Fundi, nalipa kutwa mpaka siku tano. Ikifika ya tano bado, tunakaa tunaangalia kilichobaki kabla ya kuendelea."

Na daftari lile lisitupwe. Mara ya kwanza kushusha injini ya namna hiyo ni uchunguzi. Mara ya pili, kama kuna picha na namba, ni kazi tu. Gari hilo ukija kuliuza, daftari liende nalo.

Jambo moja ambalo wenye magari haya huliacha mpaka lije kuwauma: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Injini ikibadilishwa, taarifa zibadilishwe TRA, na risiti ya manunuzi ya injini itunzwe. Mnunuzi makini, au askari wa ukaguzi, ataifunua boneti na kusoma namba. Gharama ya ufundi uliyobania inaweza kupotea hapo kwa mkupuo.

Injini ya mtumba, na ufundi wa mara ya pili

Wengi wanaoshusha injini Mwanza hawaishushi ili kuitengeneza. Wanaweka nyingine iliyotumika. Hapa ulinganisho wa ufundi unahitaji safu ya ziada: injini hiyo ikifungwa na kukutwa mbovu, nani analipa kuishusha tena?

Muuzaji wa injini kwa kawaida atasema ana garantii ya kujaribu. Soma vizuri anachokiahidi. Anaahidi kukubadilishia injini. Hela ya fundi wa mara ya pili haimo, oili uliyojaza haimo, siku za gari kulala hazimo. Kwa hiyo kabla ya kununua, mpeleke fundi huyo huyo atakayeifunga, aizungushe kwa mkono, atoe plagi, aangalie ndani kupitia mfuniko wa oili kama kuna tope jeusi au ute wa kahawia wenye maji. Kama muuzaji anaruhusu kupima komprisheni, ipimwe. Halafu mpatane na fundi bei mbili: ya kufunga, na ya kurudia endapo injini itakataa. Ya pili iwe chini, kwa sababu bolti zote zimeshafunguliwa juzi na hakuna kutu. Fundi akikubali bei ya kurudia mapema, umejikinga kwa maneno machache.

Wakati injini iko chini, kuna kazi ambazo ufundi wake ni bure au karibu na bure: sili ya nyuma ya kranki, klachi plati na bearing yake kwa gari la gia za mkono, maunti za injini, pampu ya maji, thamostati. Sili ya nyuma ni mpira wa bei ndogo, lakini ikianza kuvuja baada ya miezi mitatu, kuifikia ni kulipa karibu ufundi wote upya. Fundi wa mkupuo hatakukumbusha, maana inamwongezea kazi. Wa kutwa atakukumbusha haraka sana. Gereji rasmi itakuandikia zote, na baadhi hazihitajiki. Wewe amua kabla, na ununue kabla.

Kuhusu kununua: spea zinazopita mkononi mwa fundi huja na cha juu. Sioni sababu ya kuwa mkali kwa hilo kama ufundi wake umeshuka kwa sababu hiyo; ni bei ile ile kwa mlango wa nyuma. Ila huwezi kulinganisha fundi anayetaka 200,000 na spea anunue yeye, na fundi anayetaka 260,000 spea ununue mwenyewe, kana kwamba 60,000 ni tofauti ya kweli. Pata bei ya spea zile zile dukani, kisha jumlisha.

Wa ng'ambo na visiwani

Anayetoka Sengerema au Geita sasa ana nafuu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kulivuta gari bovu mpaka Mwanza hakusubiri tena foleni ya kivuko. Kwa hiyo kwa gari lenye umeme mwingi, kulileta mjini kunaweza kuwa na maana kuliko kumchukua fundi na mkoba wake. Ukerewe ni hesabu nyingine. Gari lazima lipande kivuko, gari bovu lazima livutwe kupanda na kushuka, na likikaa mjini wiki mbili mwenyewe naye ana nauli za kwenda na kurudi. Kwa gari la kawaida huko, mlipe fundi wa mjini nauli, chakula na kutwa, avuke na cheni bloku yake. Orodha ya spea iandaliwe mara mbili, isomwe mara tatu; Nansio kule Ukerewe si mahali pa kugundua kwamba sili uliyobeba ni ya injini nyingine.

Ningechagua nini

IST, Probox, Vitz, Canter, Land Cruiser ya 1HZ isiyochezewa: mapatano ya mtaani, kwa fundi ambaye umeona gari aliloshusha injini likitembea, na maneno yameandikwa, swali la kompresa likiwemo. Hapa gereji rasmi haikupi kitu kikubwa zaidi ya risiti na mahali pa kurudi, labda kama gari ni la kampuni.

Noah ya D-4, Crown, Harrier, gari lolote la Ulaya: gereji yenye mashine ya kusoma makosa na anayejua kuisoma, hata ikizidi kwa laki. Soketi moja iliyoingizwa kichwa chini inaweza kukuzungusha kwa mafundi umeme mpaka uipite tofauti hiyo.

Noah ya zamani na Hiace zenye injini chini ya viti: kigezo cha kwanza si bei wala mtindo wa malipo. Angalia gari litanyanyuliwa kwa nini. Shimo au lifti kwanza, bei baadaye.

Iliyopandikizwa: kutwa yenye kikomo, na kazi nyepesi uifanye mwenyewe.

Kwa mitindo yote mitatu, usimalize malipo siku gari linapowaka. Bakiza sehemu ambayo fundi ataihitaji, robo inatosha, na mwambie tangu siku ya kianzio kwamba itatoka baada ya majaribio. Majaribio yenyewe: liwashe mpaka feni ya rejeta iingie yenyewe na kuzima. Panda nalo mlima wa Bugando, kisha uende mpaka Kisesa na kurudi, mshale wa joto ukiuangalia. Lala nalo usiku mmoja juu ya karatasi ya boksi iliyotandikwa chini ya injini. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa maji uone kama yamepungua, pima oili, angalia karatasi kama ina doa. Kama maji yamepungua kidogo ni hewa iliyotoka, jaza na urudie siku ya pili. Karatasi ikiwa kavu na maji yako pale pale, mpigie fundi aje kuchukua chake.